Aliyekataa Baraza Isijengwe

Waliomjua Mwatime tangu Mombasa wangekwambia hakuwa mtu wa kudhania wenzake vibaya. Alilelewa Kuze, katika nyumba ambayo mlango wake wa mbele haukuwa ukifungwa mchana, akasomea uuguzi, akaolewa na Faraj, na mwaka wa tisini na sita wakahamia Houston, Faraj alipobahatika kupata viza ya bahati nasibu. Kwa miaka kadhaa walipanga fleti katika mtaa wa Alief. Yeye alifanya kazi katika kliniki ya wagonjwa wa figo, mumewe akaendesha magari meusi marefu ya kuchukulia abiria uwanja wa ndege. Mtoto wao wa pekee, Nusra, akazaliwa huko huko. Halafu mwaka wa elfu mbili na mbili wakanunua nyumba katika mji wa jirani wa Stafford, ya matofali mekundu, na kiwanja cha nyasi mbele na mti mmoja mwembamba ambao ulikuwa bado umefungwa kamba usiangushwe na upepo.

Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa chini ya chama cha wenye nyumba. Ukinunua nyumba pale, umekinunua na chama. Chama ndicho kilichoamua mlango upakwe rangi gani, ua uende juu kiasi gani, pipa la taka litoke lini na lirudi lini. Ukitaka kuongeza chochote upande wa nje, hata mwavuli wa kudumu, unapeleka ombi na mchoro kwa kamati ya majengo, unangoja jibu. Mwatime aliyasoma masharti hayo siku ya kutia sahihi, akayaona ni ya watu wenye mtaa safi, akasahau.

Aliyemkumbusha ni mkwewe.

Bi Jannat, mamake Faraj, alifika mwezi wa tatu mwaka uliofuata kwa matembezi ya miezi sita. Alikuwa mjane, mzito kidogo wa magoti lakini mwepesi wa ulimi, na maisha yake yote ya Mombasa aliyapitisha akijua nani kapita njiani, anatoka wapi na kabeba nini. Stafford akajikuta peke yake kutwa nzima. Faraj na Mwatime kazini, Nusra shuleni, na nje jua limeanguka juu ya lami na hakuna hata paka. Wiki za mwanzo alikaa dirishani, amesukuma pazia upande.

"Hapa watu huishi wapi?" alimuuliza Mwatime siku moja. "Nyumba naziona. Watu siwaoni."

"Wamo ndani, mama. Na wengine wamo kwenye magari."

"Nayaona magari. Gereji yafunguka yenyewe, gari laingia, gereji yafunga. Kama panya na shimo lake."

Mwatime alicheka. Lakini alipoingia mwezi wake wa pili pale Bi Jannat alianza kuacha chakula sahanini, akalala mchana kutwa, na Mwatime, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama miili ya watu, aliona nguo zikimpwaya mkwewe mabegani. Jumapili moja, baada ya chai, Bi Jannat akasema kwa upole, "N'tafutieni tiketi, mwanangu. Nimewaona, nimemuona mjukuu wangu, nashukuru. Sasa nirudi."

Siku hiyo ndipo Mwatime alipopata fikra ya baraza. Si kibanda wala ukumbi. Baraza ya kwao: viti viwili vya matofali vilivyojengewa ukutani, kimoja kila upande wa mlango wa mbele, na paa dogo juu la kuzuia jua. Bi Jannat angekaa hapo alasiri na kahawa yake akatazama njia, na njia, hata kama ni kavu, ingemtazama na yeye. Alimweleza Faraj jikoni. Faraj alitabasamu, akasema ni fikra nzuri, akaenda kuoga.

Mwatime alichora mchoro mwenyewe kwa rula ya Nusra. Kamati ilitaka pia sahihi za majirani wa kulia na kushoto, kwamba wamearifiwa. Kushoto alikaa Bi Pruitt, mjane wa Kizungu aliyeishi na mbwa mzee. Bi Pruitt alisoma kila neno akiwa amesimama mlangoni, akamtazama Mwatime mtandio wake, akatazama mchoro, akatia sahihi. Alisema maneno ya heshima, lakini mlango hakuufungua zaidi ya upana wa bega lake.

Kulia alikaa Nyaga, Mkenya wa Embu, mhasibu, aliyekuwa amechaguliwa kuingia kamati ile ile ya majengo. Mkewe, Elirehema, alikuwa Mpare wa Same na mwalimu msaidizi katika shule ya Nusra. Jioni za siku ambazo Mwatime alichelewa kliniki, Elirehema alimleta Nusra nyumbani katika gari lake pamoja na watoto wake. Nyumba hizo mbili zilikuwa zikipelekeana sahani, na Kiswahili chao, cha pwani, cha bara na cha Tanzania, kilikuwa kikichekana juu ya ua.

Nyaga aliuangalia mchoro kwa muda. "Sasa Mama Nusra, hii baraza itakuwa ya watu wangapi?"

"Ya mama tu, na wageni wake."

"Wageni wengi?"

"Wawili, watatu. Kwani kuna hesabu, Bwana Nyaga?"

"Hapana, hakuna hesabu. Ni kamati huwa inauliza." Akatia sahihi.

Mwatime alirudi kwake na swali hilo sikioni. Mtu mnayepelekeana chakula anakuuliza utakuwa na wageni wangapi, ili iwe nini? Alijiambia ni maneno ya ukamati. Faraj akachukua karatasi, akasema atazipeleka yeye kwa sababu ofisi ya chama ilikuwa njiani kwake.

Walingoja. Bi Jannat aliambiwa, naye akaacha kutaja tiketi. Akawa anauliza baraza tu. Halafu mchana mmoja wa Jumamosi, mezani, Faraj akasema bila kuinua macho, "Wamekataa."

"Nani?"

"Kamati. Wanasema haifanani na mtaa."

"Waraka uko wapi, nisome?"

"Nimeambiwa kwa mdomo. Waachie, Mwatime. Hapa si Kuze."

Bi Jannat aliendelea kumenya chungwa lake polepole, gamba likishuka mpaka chini bila kukatika. 

Haifanani na mtaa. Mwatime aliyageuza maneno hayo kazini, akiwa amesimama kati ya mashine zinazozungusha damu za watu, na kila alipoyageuza aliona upande mwingine. Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba yenye sanamu ya simba wawili langoni. Ulikuwa na nyumba yenye bembea mbele. Kilichokuwa hakifanani si matofali. Ilikuwa miaka ile ya baada ya minara ya New York kuangushwa, ambayo mtu akiingia dukani na mtandio aliojifunga kichwani aliona vichwa vikigeuka na kurudi haraka. Na ndani ya kamati ile mtu mmoja tu alimjua Mwatime ni nani, anatoka wapi na anaswali wapi. Huyo alikuwa Nyaga.

Alianza kumkumbuka Nyaga kwa namna mpya. Mara moja, kwenye sherehe ya watoto, alifanya mzaha juu ya watu wa pwani kwamba kazi yao kukaa barazani. Watu walicheka, na Mwatime alicheka. Sasa mzaha ule ulimrudia bila kicheko. Alimweleza Faraj. Alitarajia mumewe amtulize au akasirike naye, lakini Faraj alisema tu, "Usimwingize Nyaga," na akatoka kwenda kufuta vioo vya gari ambavyo vilikuwa vimekwisha futwa.

Bi Jannat naye hakukaa akasubiri. Siku moja alijifunza kubonyeza kile kitufe cha gereji. Akatoa kiti cha plastiki, akakiweka kivulini pale mlango ulipoinuka, akakaa na upepeo wake wa ukili na thermosi ya kahawa. Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu. Akaanza kula tena. Jioni akawa na habari: mwenye gari la buluu ana mtoto mchanga, mbwa wa Bi Pruitt anachechemea mguu wa nyuma, mleta barua ni mwanamke. Mwatime alifurahi, akanyamaza, kwa vile alijua kuna sharti mahali fulani kuhusu milango ya gereji.

Halafu akarudi kazini siku moja akamkuta mkwewe ndani, gereji imefungwa.

"Leo kaja mtu na gari jeupe," Bi Jannat alisema. "Kasimama pale mbele, kashusha kioo, kan'piga picha. Nikamuamkia. Hakuitikia."

"Amekupiga picha wewe?"

"Mimi, na gereji. Akenda zake."

Faraj alikuwa mezani. Kijiko kilisimama njiani kuelekea mdomoni, kisha akakiweka chini. Uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba Mwatime alidhani amepaliwa. "Gari lilikuwa na maandishi?" akauliza. "Alivaaje? Alikuwa peke yake?" Mamake alijibu alichokiona. Faraj akamwambia asitoke tena mbele ya nyumba, kwa sauti ambayo Mwatime hakuwahi kumsikia akiitumia kwa mamake, akaondoka mezani.

Siku chache baadaye likaja onyo la chama: mlango wa gereji usiachwe wazi. Kumbe mwenye gari jeupe alikuwa mkaguzi wao, apitaye mitaani akipiga picha nyasi ndefu na mapipa yaliyosahauliwa. Lakini mkaguzi alipitaje kwao siku ile, saa ile? Mwatime hakuamini kwamba alipita tu. Mtu alimpigia simu. Akawa akitoka na kurudi kazini anatazama madirisha. Pazia la Bi Pruitt lilikuwa na kona iliyokunjika, na kona ile ilimsumbua kama jicho. Akaanza kuhesabu ni nani anayemsalimia kwanza na ni nani anayengoja asalimiwe. Mwenzake mmoja kazini alipomuuliza kwa wema mkwewe anaendeleaje, Mwatime alijiuliza kajuaje kwamba mkwewe yupo, mpaka akakumbuka alimwambia yeye mwenyewe.

Na jioni moja akamwona Nyaga na Faraj wamesimama kando ya gari la Nyaga. Faraj alikuwa akisema kwa haraka, mkono kifuani, kama mtu anayeomba. Nyaga alikuwa akitikisa kichwa. Walipomwona Mwatime anaingia na gari, wakanyamaza. Nyaga akainua mkono, akaingia kwake.

"Alikuwa akikwambia nini?"

"Mambo ya nyasi," alisema Faraj.

Kwa Mwatime hilo lilimaliza shaka. Yule mtu alikuwa akimtisha mumewe, na mumewe, kwa upole wake au kwa woga wake, alikuwa akimnyenyekea. Jumapili iliyofuata Elirehema alipobisha hodi na bakuli la makande, Mwatime alisimama nyuma ya mlango, akamsikia akiita, "Mama Nusra, mpo?" na hakufungua. Bi Jannat alimtazama kutoka sebuleni kama anayemtazama mtu asiyemjua. Jumatatu Mwatime akaenda shuleni akaandika kwamba mtoto wake asichukuliwe na mtu mwingine isipokuwa wazazi. Nusra akawa anabaki shuleni mpaka jioni pamoja na watoto wengine wasio na wa kuwachukua. Aliuliza kwa Kiingereza kwa nini hapandi tena gari la Aunti Elirehema. Mwatime alimjibu kwa Kiswahili kwamba hivyo ndivyo mamake alivyosema.

Hakulala vizuri siku hizo, wala hakula vizuri, na mgonjwa mmoja kliniki, mzee ambaye alimhudumia kwa miaka, alimuuliza kama ana maradhi. Ndipo alipoona heri kusema kuliko kuoza nalo.

Jumamosi asubuhi Nyaga alikuwa akikata nyasi. Mwatime alivuka, akasimama mbele ya mashine mpaka Nyaga akaizima.

"Bwana Nyaga, nataka kukuuliza usoni. Baraza yangu ilikukosea nini?"

Nyaga alijifuta shingo. "Mama Nusra, mimi nilitia sahihi. Wewe uliona."

"Ulitia sahihi mlangoni, ukakataa kamatini. Na mkwe wangu akapigwa picha kama mwizi. Na mume wangu unamsimamisha barabarani anakuomba. Kama hamtaki watu wa pwani mtaani si mngesema kabla hatujanunua."

Elirehema alikuwa ametoka, amesimama kizingitini na kitambaa cha vyombo mkononi. Nyaga alimtazama mkewe, akatazama nyumba ya Mwatime, akawa kama mtu anayechagua njia kati ya mbili zote mbaya.

"Kuna maneno si yangu ya kusema," alisema mwishowe. "Lakini Jumanne kamati inakaa, kule ukumbini kando ya bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba yeyote anaruhusiwa. Kuja. Kuja wewe mwenyewe, uulize, uskie kwa masikio yako."

"Nitakuja."

"Sawa," alisema Nyaga, akaiwasha mashine tena, lakini hakuisukuma mpaka Mwatime alipofika kwake.

Jumanne Mwatime alibadilishana zamu, akavaa vizuri, hakumwambia Faraj. Ukumbi ulikuwa mdogo, ukinuka klorini, na viti vya kukunja vimepangwa mbele ya meza ndefu. Watu walizungumzia rangi ya paa la mtu mmoja kwa muda mrefu. Mwatime alikuwa ameyapanga maneno yake kwa Kiingereza njia nzima, yote makali. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipouliza kama kuna mwenye nyumba mwenye jambo, alisimama, akataja anwani yake, akasema anataka kujua kwa nini ombi lake la baraza limekataliwa, na nani aliyelikataa.

Mwenyekiti alivaa miwani, akapekua faili, akamtazama.

"Hatukulikataa, bibi. Halikufika hata kwenye kura. Mumeo alikuja mwenyewe ofisini akaliondoa. Tulidhani mmebadilisha nia."

Mwatime alimwomba arudie. Mwenyekiti alirudia, polepole zaidi, akidhani ni Kiingereza ndicho kilichomshinda. Nyaga alikuwa mwisho wa meza, macho yake juu ya kalamu. Mwatime alishukuru, akakaa, akasikiliza habari za bomba la bwawa mpaka mkutano ukaisha.

Hakumuuliza Faraj jioni ile. Alitaka kwanza kuuona uso wake kwa mwangaza. Asubuhi, Nusra alipopanda basi la shule, alimkuta mumewe jikoni akifunga tai ya kazi.

"Jana nilikwenda kwa kamati."

Mikono ya Faraj ilibaki shingoni.

"Wewe ndiye uliyeliondoa ombi," Mwatime alisema. "Ukaja ukakaa pale mezani ukaniambia wamekataa. Mbele ya mamako."

Faraj alivuta kiti akakaa. Kisha akamweleza. Mwaka uliotangulia, walipokuwa bado Alief, watu wawili wa serikali walimfuata kazini. Walikuwa na adabu, walimnunulia hata kahawa. Walimuuliza juu ya wanaume waliokuwa wakikutana kwake Ijumaa jioni: ni akina nani, wanazungumza nini, kwa nini wengine wanakuja na kanzu. Aliwaambia wanacheza karata na kunywa kahawa, wote ni watu wa Mombasa na Unguja. Wakamuuliza tena, kwa mpangilio mwingine. Mwisho wakamwacha, lakini walijua mambo ambayo asingeyajua ila mtu aliyekuwa akiwaona wakiingia na kutoka.

"Hadi leo sijui alikuwa nani," alisema Faraj. "Jirani, au mmoja wetu. Kila nikikaa na mtu nauliza, ni huyu? Ndipo wewe ukaja na baraza. Mbele ya nyumba, mchana kweupe. Mama akikaa, watakuja wanawake wenzake na mabuibui. Halafu waume zao. Nikaona wale wawili wamesimama tena pale nje."

Mwatime alikumbuka jinsi marafiki wa Ijumaa walivyoacha kuja, mmoja mmoja, na Faraj akasema wameshikwa na kazi.

"Na Nyaga?"

"Nyaga alijua nimeliondoa. Nilimwomba asikwambie."

"Uliniacha nikamtukana mtu kwenye nyasi zake. Nikamnyima mkewe mtoto. Na wewe ukitazama."

"Ningekwambia, ungeogopa."

"Na sasa sikuogopa?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimemuogopa kila mtu mtaa huu, Faraj, isipokuwa wewe."

Hawakumsikia Bi Jannat. Alikuwa mlangoni mwa jiko, tasbihi mkononi, na ilionekana amesimama hapo kitambo. Faraj aliinuka. Mamake akamfanyia ishara akae.

"Mwanangu, nijengee au nipandishe ndege, yote sawa kwangu," alisema. "Lakini usin'fiche chumbani kama kitu kilichoibwa. Mimi sikuibwa. Nimekuja na pasi yangu."

Akarudi sebuleni. Faraj alifunika uso kwa viganja vyake, na Mwatime, ambaye hasira ilikuwa bado haijamtoka, alisimama pale asijue kama aende kwake au atoke nje. Mwishowe alimtilia chai, akaiweka mbele yake, akaenda kazini.

Jioni ile alibisha hodi kwa Elirehema. Hakupamba maneno. Alisema amekosea, ametukana watu wasio na kosa, na anaomba radhi kwa wote wawili. Nyaga alipokea kwa haraka ya mtu anayetaka jambo lipite. Alisema mwanamume mwenzake alimwomba akae kimya, na pengine alikosea naye. Elirehema alimtazama Mwatime usoni.

"Mimi la baraza halikunikera, Mama Nusra," alisema. "Kilichonikera ni mtoto. Ulikwenda ukaandika shuleni kwangu, ninapofanya kazi, kwamba nisimguse. Walimu wenzangu waliniuliza nimefanya nini."

Mwatime hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Alisimama pale na aibu yake, na Elirehema, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akamkaribisha chai. Siku ya pili Mwatime alifuta maandishi yake shuleni. Sahani zilianza tena kwenda na kurudi. Lakini Elirehema hakumpandisha tena Nusra katika gari lake. Kila alipoombwa alikuwa na njia nyingine ya kupitia siku hiyo, na baada ya muda Mwatime akaacha kuomba.

Ombi la pili lilipelekwa na wote wawili. Faraj alitia sahihi yake mbele ya Mwatime, na kamati ikakubali kwa masharti: matofali yawe ya rangi ya nyumba, paa lisipite usawa wa dirisha la juu ya mlango, mimea isizibe njia. Fundi wa Kimeksiko na kakake walijenga kwa wiki moja. Bi Jannat aliwasimamia tangu asubuhi mpaka jioni, akawasahihisha kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kihispania, na kimo cha kiti kikatoka sawasawa na alivyotaka.

Akakaa. Joto lilipopungua alasiri alikuwa pale, buibui limekunjwa mapajani. Watu walikuwa wachache, lakini hawakuwa sifuri kama alivyodhani dirishani. Mwanamke wa gari la buluu alimletea mtoto amwone. Bi Pruitt alisimama na mbwa wake, wakaoneshana magoti yanayouma. Siku moja Bi Pruitt alimuuliza Mwatime mgeni wake atakaa mpaka lini. Mwatime alijibu, na kwa siku nzima akawa akijiuliza lile swali lilikuwa la upendo au la kitu kingine. Hakupata kujua, kama ambavyo hakupata kujua iwapo mtu alimwita mkaguzi siku ya ile picha.

Bi Jannat alirudi Mombasa kabla ya Ramadhani, akiwa amenenepa, ameridhika, na anajua habari za mtaa kuliko aliowaacha nyuma yake. Marafiki wa Faraj walianza kuja Ijumaa, wawili kwanza, halafu wanne. Faraj alikaa nao barazani akacheza karata, ila kila mara alichagua upande ambao uso wake unaelekea njia, na gari lisilojulikana likipita taratibu mkono wake ulisita juu ya karata mpaka lipite.

Mwatime na mumewe hawakuachana wala hawakukosana tena kwa jambo kama lile. Alimsamehe, na alisema kweli alipomwambia hivyo. Ila tangu mwaka huo ni yeye aliyefungua sanduku la barua, na ni yeye aliyekwenda kwenye mikutano ya mtaa, na Faraj hakuuliza kwa nini. Alipotoka kazini Mwatime alimuuliza siku yake imekuwaje, naye alipojibu kwamba imekuwa salama, Mwatime aliendelea kumtazama usoni kidogo, kisha akaenda kupakua chakula.